Mieleka ya WWE na wenzake: ulingoni kumenoga, kwenye hadithi ndiko wanakotuangusha

Wakuu, salaam.

Nikitaja mieleka mbele ya watu wazima wenzangu, jibu huwa lilelile: "Bado unaangalia yale maigizo?" Naangalia, tena naangalia kwa sababu ni maigizo. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon yenyewe, ambayo leo ndiyo WWE, ilisema mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mapambano yake ni burudani, ili isiendelee kusimamiwa na tume ya michezo. Hilo limekwisha, halina ubishi tena. Mshindi anajulikana kabla kengele haijagongwa, na bado watu elfu sabini wanasimama uwanjani na wengine wanalia machozi. Kinachowaliza ndicho nataka tukiongelee.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha ajue pa kuanzia. Mieleka inanoga pale kila pigo linapokuwa na sababu. Kwa sasa wapiganaji ni wazuri kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, ila upande wa hadithi, hasa WWE, wameanza kutuuzia matukio ya kushtua yasiyo na sababu nyuma yake. Nitaeleza kwa mifano, kwa hiyo uzi ni mrefu, vumilieni.

Ukoo wa Roman Reigns, ulivyojengwa

Mnamkumbuka Roman wa 2015? Kampuni ilitaka awe steringi kwa nguvu. Alishinda Royal Rumble, lile pambano la watu thelathini, pale Philadelphia, uwanja ukamzomea, nyota wa zamani The Rock mwenyewe akapanda kumnyanyua mkono na zomeazomea haikukoma. Miaka ikaenda hivyo. Kisha Agosti 2020, wakati wa korona, viwanja vitupu na mashabiki wanaonekana kwenye skrini tu, akarudi amebadilika. Hakupiga kelele. Paul Heyman akasimama pembeni yake kama mshauri, naye Roman akajiita Chifu wa Ukoo na kutaka ndugu zake, wote wa asili ya Samoa, wamtambue.

Ndugu wa kwanza kumkabili alikuwa Jey Uso, wa ukoo mmoja naye, watu waliokua pamoja. Oktoba 2020 waliingia ndani ya ngome ya chuma, kwenye pambano ambalo haliishi hadi mmoja atamke kwa mdomo wake kwamba amesalimu amri. Jey alipigwa kila namna na hakutamka. Pacha wake, Jimmy, ambaye alikuwa majeruhi, akaingia kumwombea. Roman akaanza kulia, akamshika mkono kama anayetubu, halafu akamkaba koo. Hapo ndipo Jey alipotamka. Kipigo chake mwenyewe aliweza kukivumilia, cha pacha wake hakuweza. Baadaye wakatokea wazee wawili, Afa na Sika, kumvika Roman shada la ukoo. Sika ni baba mzazi wa Roman kweli, nje ya hadithi pia. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo akaona mtu mmoja anataka shamba lote, na wazee wanamuunga mkono kwa kuwa yeye ndiye anayeleta pesa nyumbani, hahitaji kuelezwa kilichokuwa kinaendelea pale.

Mwaka 2022 akaingia Sami Zayn. Huyu ni Mkanada mwenye asili ya Syria, hana damu ya Kisamoa hata tone, akawa anajipendekeza kwa ukoo hadi wakamzoea. Jey ndiye aliyemkataa waziwazi. Ikafika Novemba 2022 mjini Boston, Sami akamsaliti Kevin Owens, rafiki yake wa miaka mingi, ili tu aonyeshe kwamba ni mtu wao. Jey akamkumbatia. Sasa twendeni Januari 2023, San Antonio. Owens amefungwa pingu kwenye kamba za ulingo, kazi imekwisha, na Roman anampa Sami kiti cha chuma ampige. Tazameni tena dakika zile bila haraka. Sami anashika kiti, anamwangalia Owens, Roman anamfokea na kumsukuma, na kiti kinatua mgongoni kwa Roman. Jimmy anamvamia Sami papo hapo. Jey anatazama, analia, anateremka ulingoni na kuondoka zake.

Kuondoka kule hakukuwa na ngumi wala teke, na kwangu ndicho kilele cha hadithi nzima, kwa sababu kilianzia kwenye ile ngome ya Oktoba 2020. Mtu aliyelazimishwa kutamka amemwona mwenzake akikataa kulazimishwa. Hakuna mtangazaji aliyehitaji kutueleza hilo.

Halafu Cody Rhodes. Baba yake, Dusty, hakuwahi kuvaa mkanda wa kampuni hii. Mwaka 1977 pale Madison Square Garden alimshinda Superstar Billy Graham kwa mwenzake kuhesabiwa akiwa nje ya ulingo, na kwa kanuni zao mkanda haubadiliki mikono kwa ushindi wa namna hiyo. Cody aliporudi 2022 alisema amekuja kumaliza alichoshindwa kukimaliza mzee. Aprili 2023 akaangushwa na Roman kwa msaada wa Solo Sikoa, mdogo wao akina Jey na Jimmy, na humu ndani watu walikasirika sana. Februari 2024 ikaonekana nafasi yake ya kumkabili Roman tena anapewa The Rock. Mashabiki wakagoma. Walizomea, walijaza mitandao yote kwa kutaka Cody arudishwe, na ndani ya wiki moja mpango ukabadilishwa. Nitajieni tamthilia nyingine ambayo watazamaji wanaweza kumrudisha mhusika mkuu kwa kupiga kelele.

Aprili 7, 2024, Philadelphia tena, mji uleule uliomzomea Roman. Cody yuko hoi, Roman ana kiti mkononi, akimpiga nacho pambano limekwisha. Lakini yupo pia Seth Rollins, amevaa mavazi ya kundi lao la zamani, The Shield. Juni 2014 Seth huyohuyo alimpiga Roman mgongoni kwa kiti na kulivunja kundi. Roman akasita, akageuka, akampiga Seth. Siku 1,316 za kushika mkanda zikapotea kwa kisasi cha karibu miaka kumi. Mwandishi aliyefikiria hilo anajua kazi yake.

John Cena 2025, hadithi ilivyoharibiwa

Machi 1, 2025, Toronto. The Rock alikuwa amemtaka Cody ampe roho yake. Cody akakataa. Cena akamkumbatia Cody, Rock akapitisha kidole shingoni, na Cena akampiga Cody sehemu za siri kisha akamshushia kipigo. Mtu aliyekuwa steringi wa watoto kwa miongo miwili amegeuka adui, tena mwaka wake wa mwisho ulingoni. Usiku ule sikulala mapema, nilikuwa nasoma kila mtu anasema nini.

Sasa niulize: kwa nini aligeuka? Alipewa nini? The Rock aliyeanzisha yote hakuonekana WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote ya mwaka. Cena akaja na maelezo kwamba mashabiki wamemtumia na kumchosha miaka yote, na kwamba atastaafu na mkanda. Maelezo hayo yalikuwa na mbegu nzuri, maana ni kweli nusu ya uwanja ilikuwa ikimwimbia vibaya tangu 2005 hivi. Wangekaa na jambo hilo miezi sita wangetoa kitu kikubwa. Badala yake Aprili 20 Las Vegas akashinda ubingwa wa 17 kwa msaada wa mwanamuziki Travis Scott, kwenye pambano lililopooza, na ilipofika Agosti, siku mbili tatu kabla ya kurudiana na Cody, akawa mtu mwema tena kama vile hakuna kilichotokea. Pambano la kurudiana lilikuwa zuri sana, tena ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaonyesha walikuwa na uwezo.

Linganisheni na Hulk Hogan, steringi mwingine aliyegeuka adui, Julai 1996, Daytona Beach. Alipomshushia Randy Savage mguu, watu walirusha takataka ulingoni hadi pakajaa. Lile tendo lilizaa kundi la nWo, likaifanya Nitro, kipindi cha kampuni pinzani ya WCW, iipite Raw ya McMahon kwa watazamaji wiki 83 mfululizo, na kila mtu kwenye kampuni ile alilazimika kuchagua upande. Tendo moja, matokeo ya miaka. La Cena lilikuwa na mshtuko uleule na halikubadilisha maisha ya mtu yeyote zaidi yake na Cody.

Sababu naiona ni kalenda. Cena alikuwa na siku 36 tu za kuonekana mwaka mzima, Rock anakuja akipata nafasi, na kampuni ina mkataba wa Netflix wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5. Klipu ya sekunde thelathini ya Cena akimpiga Cody inazunguka dunia nzima, inatosha kuonyesha namba kwenye ripoti. Hadithi ya miezi sita inataka watu wawepo kazini kila wiki.

Kofi Kingston, ambaye hatujamsahau

Huyu nampa nafasi yake kwa sababu ni mzaliwa wa Ghana, na alikuwa wa kwanza mzaliwa wa Afrika kushika ubingwa wa WWE. Mwanzoni mwa 2019 aliingizwa kuziba nafasi ya Mustafa Ali aliyeumia. Akapigana vizuri mno, watu wakampenda, kampuni ikalazimika kumfuata. Aprili 7, 2019 akamshinda Daniel Bryan, na watoto wake wakapanda ulingoni. Miaka kumi na moja alikuwa pale akiwa mtu wa kuchangamsha tu.

Oktoba 4 mwaka huohuo Brock Lesnar akamnyanyua, akamtupa, akambana mabega chini, mwamuzi akahesabu moja mbili tatu. Haikufika hata sekunde kumi. Kupoteza si tatizo, kila bingwa hupoteza. Tatizo ni wiki iliyofuata: hakudai marudiano, hakukasirika, alirudi kwa wenzake wa The New Day anacheka kama kawaida. Kama mhusika mwenyewe hajali mkanda wake, mimi nitaujali kwa niaba ya nani? Ile kwangu ndiyo alama mbaya kuliko zote ya uandishi wa enzi ya McMahon, na wala sikubali hoja kwamba "Lesnar ni mkubwa". Ukubwa wake ungefanya hasira ya Kofi iwe nzito zaidi.

Ulingoni penyewe

Hapa sina malalamiko. Kazuchika Okada na Kenny Omega, Japani, 2017 na 2018, walipigana mara nne, moja ikaisha kwa sare ya dakika sitini, na kila moja inakumbuka ilichofanya iliyotangulia: pigo lililomaliza la kwanza linakwepwa kwenye la pili. WrestleMania ya 2025 pambano bora kwa maoni yangu lilikuwa la kina dada, Iyo Sky, Rhea Ripley na Bianca Belair. Miaka kumi tu nyuma wanawake walikuwa wanapewa dakika mbili tatu kati ya mapambano ya wanaume.

Na anayesema hadithi nzuri zimekufa kote, nampeleka AEW, kampuni pinzani ya WWE, kwa Hangman Adam Page na Swerve Strickland. Mwaka 2023 Swerve aliingia nyumbani kwa Page na kusimama kando ya kitanda cha mtoto wake. Mwaka uliofuata Page akaichoma moto nyumba aliyokulia Swerve. Wote wawili wakaharibika kwa chuki. Julai 2025 huko Texas, Page yuko kwenye pambano la ubingwa na Jon Moxley, kundi zima linamshambulia, na miongoni mwa wanaokuja kumpa msaada yumo Swerve. Hawakukumbatiana, hawakusameheana kwa maneno. Alimpa mnyororo amalizie kazi. Hiyo ni hadithi yenye subira.

Karibuni.

---

Najibu komenti #4, mkuu uliyesema "basi hawaumii, ni sarakasi". Kupangwa kwa matokeo hakuzuii mwili kuumia. Juni 2022 Cody alipigana na Seth Rollins huku msuli wa kifua umechanika kabisa, akavua koti na kifua chote kilikuwa zambarau, akapigana dakika zaidi ya ishirini. Mick Foley mwaka 1998 alitupwa na Undertaker kutoka juu ya ngome hadi kwenye meza ya watangazaji, akarudi juu, akaanguka tena kupitia paa la ngome. Owen Hart alikufa Mei 1999 mjini Kansas City, alianguka kutoka juu ya uwanja akishushwa kwa kamba. Tuwaheshimu.

Komenti #7, kaka unasema enzi za Stone Cold na Undertaker hazina mpinzani. Nilizipenda, mtaani kwetu ilisemwa Undertaker ana roho saba na hakuna aliyebisha. Lakini zichukueni kanda za Raw ya 1998 na 1999 mziangalie zote, siyo klipu za mtandaoni. Sehemu ya ufunguzi na ya mwisho ni moto. Katikati pamejaa mapambano ya dakika tatu yanayoisha kwa mtu kuvamiwa, na wanawake wanadhalilishwa wazi. Uhodari wa enzi ile ulikuwa kwa watu watatu wanne na maiki mkononi. Steve Austin, huyohuyo Stone Cold, dhidi ya bosi McMahon ilifanya kazi kwa sababu kila mfanyakazi duniani anamjua bosi wa namna ile. Sababu tena.

Komenti #11, dada umeuliza Afrika iko wapi kwenye burudani hii zaidi ya Kofi. Swali zuri na lina historia chungu. Miaka ya 1980 walikuwa na Kamala, "Jitu la Uganda": uso umepakwa rangi, mkuki, kinyago, hajui hata kumgeuza mpinzani chali ili amlalie. Uganda yenyewe haikuhusika kabisa. Alikuwa James Harris, Mmarekani wa Mississippi, na kwa uzito na kasi yake alikuwa mpiganaji mzuri ambaye hakuruhusiwa kuongea. Hadithi ilimpa nchi, haikumpa sababu hata moja ya kupigana. Mtoto wa Kampala aliyeangalia mikanda ile alijifunza nini kuhusu kwao?

Sasa nendeni mkaangalie vijana wa Soft Ground Wrestling, Mukono, Uganda. Walianza bila ulingo wa turubai. Walisimika nguzo za miti, wakafunga kamba, chini matope, wakawa wanarukiana humo mbele ya umati wa watu wa mtaani na kurekodi kwa simu. Dunia nzima imewaona kupitia TikTok. Mbinu zao nyingi ni za WWE, lakini watangazaji wao, mavazi yao, matusi yao ya utani ni ya kwao. Na Kinshasa wana mieleka yao ya miaka mingi, wanaoiita catch, ambamo mpiganaji anaingia na ngoma na dawa, anamroga mpinzani ulingoni hadi anaanguka bila kuguswa. Edingwe ni mmoja wa majina yake makubwa. Wazungu wengi huenda kupiga picha kwa sababu ya uchawi, wakati mimi naona ni waandishi waliojua mtazamaji wao anaogopa nini.

Komenti #15, mkuu unayesema pesa za Saudia ndizo zinaharibu. Pesa hizo zilianza 2018 na WrestleMania ya 2027 imetangazwa kufanyika Riyadh. Kuna hoja nzito za haki za watu pale na sizipuuzi. Kwa upande wa uandishi tu, sioni kwamba mji onyesho linapofanyika unaamua ubora wa hadithi. Kinachoniudhi zaidi ni matangazo ya biashara yaliyobandikwa katikati ya turubai ya ulingo. Wakati wa Cody na Roman unataka macho yote yawe kwa watu wawili, unajikuta unasoma jina la kinywaji.

Komenti #18, uliyeomba mahali pa kuanzia. Usianze na kipindi cha wiki hii, utachanganyikiwa. Anza na Roman na Jey, Oktoba 2020, ile ya ngome. Ruka hadi Sami anapoingia 2022, angalia hata zile sehemu za kuchekesha usiziruke, maana kucheka kule ndiko kunafanya usaliti uume. Kisha Boston Novemba 2022, San Antonio Januari 2023, na Montreal Februari 2023, nyumbani kwa Sami. Pale Montreal utaona uwanja mzima unaamini atashinda wakati akili zao zinajua hatashinda. Malizia na Philadelphia 2024.

Ukishaiona ya San Antonio, rudi hapa utuambie Jey alipoondoka alikuwa mwoga au alikuwa sahihi. Kwenye kijiwe chetu tunabishana hadi leo. Mimi niko upande wa sahihi: angempiga Roman siku ile, angekuwa anapigania hasira ya Sami. Ya kwake mwenyewe alikuja kuifanya miezi mitano baadaye, London, Julai 2023, alipombana Roman mabega hadi tatu, mtu ambaye hakuwa amehesabiwa hivyo tangu Desemba 2019.